Namna ya kuchonga zemi ya ncha tatu

Kwanza ipindue. Ukiletewa zemi ya ncha tatu, sanamu takatifu ya Wataino wa Karibi, iwe ni jiwe lenyewe au picha tu kwenye simu, usikimbilie uso. Tazama chini. Mimi sikutazama chini, na kosa hilo lilinilia kipande kizuri cha mti wa mkilifi na siku nne za kazi.

Mwenye oda alikuwa mama mmoja mgeni, mzaliwa wa Puerto Rico, aliyepanga nyumba Nyali kwa mwezi mmoja. Alinikuta kwenye benchi langu nje ya karakana, huku Magongo, Mombasa, akatoa simu akanionyesha kitu mfano wa kilima kidogo, chenye kichwa upande mmoja na miguu iliyokunjwa upande wa pili. Akasema anataka cha mti, kimoja tu, cha kukaa mezani kwake. Mimi ni mtu wa kuchonga tangu ujana wangu. Nilifundwa Changamwe pale kwenye chama cha Akamba, kilichoanza mwaka wa 1963, na mikono yangu imezoea twiga, ndovu na Mmasai mwenye mkuki. Nikajiambia: kilima chenye kichwa, kitu gani hicho?

Nikachonga. Nikaking'arisha kama kioo, nikatia mboni nyeusi machoni, na kitako nikakifanya bapa, kama tunavyofanya vinyago vyetu vyote visiyumbe kwenye rafu. Mama alipokuja alikishika, akakisifu, kisha akakigeuza juu chini kama mtu anayekagua sufuria sokoni Kongowea. Akauliza kwa upole mbona huku chini pamejaa. Halafu akaweka kidole kwenye jicho: na haya macho, fundi, kwa nini umeyaziba?

Tangu siku hiyo nimechonga zaidi ya ishirini, na vijana wawili ninaowafunza wamechonga za kwao. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wao. Jambo kubwa ni moja na nitalirudia mpaka unichoke: zemi haikuchongwa ili itazamwe. Ilichongwa ifanye kazi, na kazi yake iko kwenye mashimo.

Unachonga nini hasa

Wataalamu wengine huandika cemí, wengine zemi. Nimechukua zemi, maana nikiandika kama linavyotamkwa utasoma "semi" ukadhani nakuletea methali. Ingawa, subiri kidogo, utaona hata hilo lisingekuwa kosa kubwa.

Wataino ndio waliokuwa wakiishi visiwa vikubwa vya Karibi: Hispaniola, ambayo leo ni Haiti na Jamhuri ya Dominika, kisha Puerto Rico, Kuba, Jamaika na visiwa vya Bahama. Columbus alipofika mwaka wa 1492, wao ndio waliompokea. Kwao zemi halikuwa jina la sanamu pekee. Lilikuwa jina la nguvu yenyewe, roho, na pia jina la kitu ambacho roho hiyo imeingia ikakaa: gogo, jiwe, mfupa, hata pamba iliyofumwa. Ukitaka kulishika kwa haraka, fikiria koma wa Kigiriama. Koma ni marehemu, na koma ni kile kijiti kilichosimikwa kwa ajili yake. Hayafanani kwa kila jambo, lakini sikio la Pwani litaelewa kwa nini neno moja linabeba vyote viwili.

Mengi tunayoyajua yametoka kwa mtawa mmoja, Ramón Pané, ambaye Columbus alimtuma akaishi na Wataino wa Hispaniola, ajifunze lugha na imani zao. Aliandika aliyoyasikia mnamo 1498. Karatasi zake za asili zilipotea. Tunachosoma leo kilipona ndani ya kitabu kilichochapwa kwa Kiitaliano huko Venice mwaka wa 1571. Yaani kila jina limepita vinywa vitatu kabla ya kukufikia. Ndiyo maana utayaona yameandikwa kwa namna nyingi, na usigombane na mtu kwa hilo.

Sasa sikia anavyosimulia Pané, maana hapa ndipo fundi anapofunzwa kazi. Mtu anapita njiani, anaona mti unatikisa mizizi. Anasimama kwa hofu, anauliza: wewe nani? Mti unajibu: niitie behike, yeye ndiye atakayekwambia mimi ni nani. Behike ni mganga wao. Anakuja, anakaa karibu na ule mti, anavuta unga wa kulevya uitwao kohoba, kisha anainuka na kuusalimu mti kwa vyeo vyake vyote kama anayemsalimu sultani. Anauuliza: niambie wewe ni nani, unafanya nini hapa, unataka nini kwangu, kwa nini umeniita? Niambie kama wataka nikukate, na kama wataka kwenda nami, niambie nikuchukue vipi. Nitakujengea nyumba na kukupa shamba. Ndipo mti unapojieleza jina na sura unayoitaka, na behike anaukata na kuuchonga vilevile.

Umeona? Mti ndio wenye semi. Mteja hapo ni gogo lenyewe, na fundi ni mtu anayepokea oda. Miaka yote hii nimekuwa nikilipangia gogo liwe twiga. Sikuwahi kulisikiliza hata siku moja, isipokuwa pale linapopasuka.

Mashimo na kazi zake

Kabla hujashika tezo, jua kila tundu linafanya nini.

Zemi za mti zilizosimama au kuchutama, nyingi zina kisahani juu ya kichwa. Si kofia wala si taji. Hapo ndipo ulipowekwa unga wa kohoba, uliotengenezwa kwa mbegu za mti mmoja wa jamii ya mikunde. Machifu na mabehike waliuvuta puani kwa mrija wenye matawi mawili kama herufi Y, baada ya kufunga na kujitapisha kwa kijiti chembamba cha mfupa, mara nyingi mfupa wa mnyama wa baharini aliye ndugu wa nguva wetu. Kutapika kulikuwa kujisafisha, ili mtu aende kuzungumza na zemi tumbo likiwa tupu. Kwa hiyo sanamu yenyewe ndiyo iliyokuwa meza. Iko moja New York, kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, ya mti wa guayacán, yenye umri wa kama miaka elfu moja na urefu wa karibu sentimita 68. Imechutama, mbavu na mifupa zinaonekana, mashavuni ina mifereji kama ya machozi, na kichwani ina kisahani chake. Ule ukondefu haukutokana na fundi kukosa ufundi. Ni mwili wa aliyefunga, na pia ni mwili wa aliyekwisha kufa.

Macho ni mashimo kwa sababu yalitiwa kitu: kombe la baharini, au bamba jembamba la dhahabu. Meno vilevile yalikuwa vipande vya kombe vilivyopachikwa. Vipande vingi vimedondoka, ndiyo maana kwenye picha za makumbusho unaona macho matupu. Mimi nilipoona picha ile ya mama niliona utupu nikadhani fundi hakumaliza, nikamsaidia. Usimsaidie.

Nako kwa chini. Zemi ya ncha tatu huwa na tumbo lililobonyea kidogo, kama kiganja ukikikunja kuchota maji. Pané anasema mawe yenye ncha tatu waliamini ndiyo yanayochipusha muhogo. Watafiti wengi huyahusisha na Yúcahu, mwenye muhogo na bahari, aliyekuwa na mama lakini hakuwa na ukoo wa kiume. Ile ncha ya katikati wengine husema ni mlima, wengine titi la mama, wengine chipukizi la muhogo linapasua udongo. Mimi nimelima muhogo na bibi yangu Kaloleni nikiwa mdogo, na ninawaunga mkono hao wa mwisho, japo hakuna aliyeniuliza. Wataino nao walilima kwenye matuta, wakakwangua muhogo mchungu, wakaukamua sumu yake, wakaoka mkate mkavu unaodumu miezi. Muhogo ni mmea wa kwao, Amerika. Sisi tunaokaa Mama Ngina jioni tukitia ndimu na pilipili kwenye muhogo wa kukaanga tunakula mgeni aliyezoeleka.

Kuna kisa Pané anakisimulia ambacho kitakueleza kule chini kuliko mimi. Watu wa chifu Guarionex walichukua picha takatifu za Wakristo wakazifukia shambani, wakakojoa juu yake, wakasema sasa mazao yatakuwa mema na makubwa. Wahispania waliona ni kufuru, na waliofanya hivyo wakachomwa moto. Ukiujua muhogo na zemi utaona uwezekano mwingine: walizipokea zile picha wakazifanyia kile kile wanachokifanyia kitu chenye nguvu, yaani kukizika penye mazao. Mama yangu, ambaye ni Mgiriama, nilipomsomea habari hii alisema neno moja tu: "Fingo." Fingo letu hufukiwa kulinda, si kuotesha, lakini alichokishika ni sawasawa: nguvu nyingine mahali pake ni ndani ya udongo, na anayeitafuta juu ya rafu ameikosa.

Mti

Zemi za ncha tatu za asili, tusidanganyane, nyingi ni za mawe. Zingine ni za kombe. Nachonga za mti kwa kuwa mti ndio mkate wangu. Ukitaka jiwe, nunua lile laini la Kisii, fuata hatua hizi hizi, lichonge likiwa limelowa na ufunge pua kwa kitambaa cha maji, kwani vumbi lake si la kuvuta.

Sanamu zao zilizosimama walipenda kuzichonga kwa guayacán, mti mzito unaozama majini. Sisi tunao mpingo, nao huzama. Lakini mpingo umekuwa ghali na adimu, na sikushauri uanze nao, ukikosea utalia. Anza na mwarobaini, huo ambao wazee wa huku huuita mkilifi. Unaota kila uwanja, haumalizi msitu wa mtu, na uchungu wake huwazuia wadudu. Tafuta kipande cha kiini, chenye rangi ya kahawia nyekundu, bila ule weupe wa nje. Kiwe na urefu wa sentimita 20, kimo 12, upana 10. Nyuzi za mti zilale kwa urefu. Hili usilipuuze: nyuzi zikisimama, ncha za kichwa na miguu zitakatika siku ya kwanza inapoanguka.

Kama mti ni mbichi, paka nta kwenye ncha mbili zilizokatwa, utie kwenye gunia pamoja na maranda, uufiche kivulini wiki tatu au nne. Wapo wanaochonga mbichi kwa kuwa ni laini. Ni kweli ni laini. Na ni kweli utapasuka.

Kukata umbo

Chora ubavu kwanza, kwa penseli ya fundi. Chini mstari mrefu. Katikati pandisha kilele, mteremko mmoja uende kwenye kichwa na mwingine kwenye miguu. Acha sentimita moja zaidi upande wa kichwa. Utaihitaji kwa ajili ya mdomo, na mti ukishaondoka haurudi. Kisha geuza uchore juu: umbo la mtumbwi, pana katikati, jembamba kwenye ncha mbili.

Piga msumeno mara mbili kuondoa pembe kubwa. Baada ya hapo ni tezo, na tezo inatoka kileleni kwenda chini, upande huu na upande huu, usipande nayo mlima hata siku moja. Ukishuka unakwenda na mti. Ukipanda unaingia chini ya nyuzi na kipande kitang'oka kikubwa kuliko ulivyotaka. Kijana wangu mmoja alipanda. Alikuwa amebakisha uso tu.

Miguu ikunje kama ya chura aliyejiandaa kuruka, mapaja yamebanwa ubavuni, nyayo nyuma. Usichore vidole vyote kwa ustadi. Mistari mitatu minne ya patasi inatosha. Hapa pasikuchukulie muda.

Wataino hawakuwa na chuma. Walikuwa na shoka za mawe zilizosuguliwa, moto wa kuunguza pale wanapotaka kuchimba, makombe ya kukwangulia, na mchanga na maji ya kusugulia. Mimi, kwa ubishi, nilijaribu siku moja: kipande cha kombe, kokoto, na mchanga wa Likoni. Nilianza baada ya adhuhuri. Magharibi ilipoadhiniwa nilikuwa na kishimo cha ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Sisemi ufanye hivyo kwa kazi ya kuuza. Fanya mara moja, kwenye kipande cha kutupa, ili siku ukitazama picha ya zile sanamu ujue unatazama miezi ya mtu.

Uso, usifanye haraka

Kichwa kinakaa kwenye ncha moja na kinatazama mbele na juu kidogo. Gawa uso sehemu tatu kwa jicho tu, bila rula: macho juu, pua katikati, na mdomo unachukua chini kote, sikio kwa sikio. Mdomo wa zemi ni mkubwa. Ukiuona umezidi, basi bado kidogo.

Macho uanze kwa keekee, tundu moja kila upande, kina cha sentimita moja na nusu. Panua kwa patasi ya mviringo ukizunguka kutoka nje kwenda ndani. Acha ukingo ulioinuka kuzunguka tundu, kama ukingo wa chungu. Ukingo huo ndio unaofanya tundu lionekane ni jicho badala ya jeraha. Mimi huwa nachonga jicho la kushoto kwanza, naliacha, nakunywa kahawa, narudi kulifuata la kulia; nikiyafanya kwa mfululizo moja hutoka kubwa. Mwanafunzi wangu anasema ni ushirikina wa kahawa. Pengine.

Ukitaka kujaza macho na meno, tumia mfupa wa ng'ombe. Mchinjaji atakupa bure au kwa pesa kidogo. Uchemshe na sabuni ya unga mpaka mafuta yote yatoke, uanike, ukate vijipande kwa msumeno wa chuma, uvisugue kwenye simiti mpaka viingie kwa kubana. Meno yawe mstari mmoja mrefu uliotiwa alama, usipachike moja moja, utazeeka. Makombe ya baharini mimi nimeyaacha baharini. Na mboni usichore. Kama umejaza, acha mfupa uwe mweupe mtupu. Kama hukujaza, acha giza.

Nikikaa kwenye kazi hii ya kupachika huwa nafikiria zemi moja iliyoko Roma. Ni ya pamba na shanga, ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 baada ya Wahispania kufika, na fundi wake wa Kitaino alitia ndani yake kombe za kwao, shanga za kioo na vioo vya Ulaya, na uso akauchonga kwa kipusa. Kipusa! Pembe ya kifaru wa Afrika, mikononi mwa mchongaji wa Karibi. Sidai ilipita bandari yetu, bahari ni pana na njia ni nyingi. Lakini yule fundi alipokea kitu kigeni kabisa, akakisikiliza, akakipa uso. Ukiniuliza kati ya mafundi wote wa dunia ni nani ningependa kukaa naye benchi moja, ni huyo.

Kwa wale mtakaopenda kuchonga zemi iliyosimama, neno moja kuhusu kitovu. Pané anaeleza kuwa wafu wa Kitaino hutoka usiku, wakala mapera, wakachanganyika na walio hai. Namna ya kumjua ni kumpapasa tumbo: asiye na kitovu ni mfu. Kwa hiyo kabla ya kuweka kitovu kwa mazoea, tazama picha yako vizuri. Kuna mwenye nacho na kuna asiye nacho, na umbali kati yao ni mkubwa.

Na mtu akikuagiza mbwa, mchongee. Huyo ni Opiyelguobirán, zemi wa mti mwenye miguu minne ya mbwa. Kila usiku alikuwa akitoroka kwenda msituni. Wanamrudisha, wanamfunga kamba, anatoroka tena. Wahispania walipofika alikimbilia kwenye ziwa, wakafuata nyayo zake mpaka majini na hakuonekana tena. Mteja mmoja nilimpa mbwa wake na kamba ndogo ya katani shingoni. Alifurahi kuliko nilivyotarajia, ingawa kamba ile ilikuwa mzaha tu.

Tumbo la chini

Sasa ipindue. Chora ukingo wa sentimita moja kuzunguka, ndani yake uchimbe kwa patasi ya mviringo, kina cha milimita sita hadi nane pale katikati, kikipungua taratibu kwenda kwenye ukingo. Huku chini usiachie ovyo ati hakuna atakayeona. Sugua kama unavyosugua uso. Ukiiweka kwenye tuta dogo la mchanga inapaswa kutulia bila kuyumba. Mezani itakaa kwa ukingo wake. Hiyo ndiyo njia yangu ya kuipima, kwenye karai la mchanga lililoko mlangoni. Kijana anapoleta kazi yake siitazami usoni, naiweka kwenye karai.

Msasa wa 80, kisha 120, kisha 240. Halafu nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kwa kitambaa cha pamba, nyembamba. Mafuta ya nazi usitumie, huchacha na kuita sisimizi. Polishi nyeusi ya viatu, ambayo najua sote tunaitumia kuufanya mti wowote uwe "mpingo", hapa iache.

Hapa pana jambo la kusema wazi. Nikiwa kijana, dalali mmoja wa mjini alinipa kazi ya kuchonga kigango, ile nguzo ya kumkumbuka marehemu wa Kigiriama, na kukizeesha: kukifukia kwenye samadi, kukifukiza moshi, kukikwangua kwa waya. Nililipwa vizuri. Mama yangu alikiona kabla hakijachukuliwa. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Mwanangu, huyu ni marehemu wa nani?" Sikuwa na jibu. Vigango husimikwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu cha Wagiriama waliofariki, na kikishasimikwa hakiondolewi, hata mji ukihama. Vimeibiwa vingi vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za matajiri ng'ambo. Viwili vilivyoibiwa mwaka wa 1985 vilirudishwa kutoka makumbusho ya Marekani mwaka wa 2007, baada ya picha ya zamani kuthibitisha mwenyewe ni nani. Kigango sichongi tena, kipya wala cha kuzeeshwa.

Kwa hiyo kabla ya kuchonga zemi ya pili nilimuuliza yule mama wa Puerto Rico moja kwa moja: hii ni ya watu wenu, mwaniruhusu? Alisema nyumbani kwao wako watu, yeye mmoja wao, wanaojiita Wataino hadi leo, na kwamba nichonge, ila nisiizeeshe na nisimwambie mtu imetoka kaburini wala pangoni. Neno pangoni hakulisema bure. Sanamu tatu za mti zilizokutwa kwenye pango huko Jamaika mwaka wa 1792 ziko London mpaka sasa, na Wajamaika wanazidai.

Kwa hiyo, ndani ya lile tumbo la chini, kabla ya nta, chonga jina lako, Mombasa, na mwaka. Herufi zisomeke. Mnunuzi akisema zinaharibu, mweleze ni za nini. Akizidi kubisha, mwache aende.

Kisha irudishe kwenye gunia siku kumi, gunia jipya, bila maranda, likiwa limefungwa nusu. Usiianike juani ili ikauke upesi. Jua la Mombasa halina subira na mkilifi hauna pia. Ikipasuka wakati huo itapasuka hapo kileleni, ufa mwembamba unaoshuka upande wa kichwa. Changanya gundi ya mbao na unga wa mti ule ule, jaza, subiri usiku mmoja, sugua. Na mteja akija, kabla hajauliza bei, mwonyeshe ulipojaza.